Uzi: Kuhakiki hojaji iliyotafsiriwa ya kupima uwezo wa wanafunzi kumudu mabadiliko ya kikazi. Je, alfa kubwa inatosha?

MwanaTudor (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam aleikum na habari za wakati huu. Niko katika shahada ya uzamili ya elimu hapa Mombasa, na utafiti wangu unahusu namna wanafunzi wa vyuo vya ufundi na vyuo vikuu wanavyojiandaa kwa kazi ambazo huenda zikabadilika sura kabla hawajahitimu. Sihitaji kwenda mbali kutafuta mfano, kwa maana sote tuliona jinsi familia zilizotegemea malori na yadi za makontena zilivyolazimika kufikiri upya baada ya reli ya kisasa kuanza kubeba mizigo kutoka bandarini mwaka 2018.

Chombo nilichokichagua ni Career Adapt-Abilities Scale, kilichochapishwa na Mark Savickas na Erik Porfeli mwaka 2012 baada ya kufanyiwa kazi katika nchi 13. Kina kauli 24 zilizogawanywa katika vipengele vinne vya kauli sita sita: kujali mustakabali, kujitawala katika maamuzi, udadisi, na kujiamini. Mimi na mwenzangu tulitafsiri kila mmoja kivyake, tukaoanisha tafsiri zetu, kisha mtu wa tatu ambaye hakuwa ameona asili akairejesha kwa Kiingereza, nasi tukalinganisha. Tulipoijaribu kwa wanafunzi wachache, alfa ya Cronbach, ile namba ya kuonyesha jinsi kauli zinavyokwenda pamoja, ilitoka kubwa kwa kauli zote kwa pamoja, karibu sawa na ile ya 0.92 waliyoiripoti waandishi wenyewe.

Msimamizi wangu ameisoma ripoti hiyo na kuandika pembeni kwamba hojaji bado haijahakikiwa, yaani ushahidi kwamba inapima inachodai kupima hautoshi. Naomba kueleweshwa mambo mawili. Ikiwa tafsiri ilirejeshwa na kufanana na asili, na alfa ni kubwa, ni nini hasa kinachobaki? Na je, nikishamaliza, nitaweza kulinganisha wastani wa wanafunzi wa Mombasa na wastani wa zile nchi 13?

Mpimaji

Msimamizi wako yuko sahihi, ndugu yangu, na nitajitahidi kueleza kwa nini, maana swali la alfa linarudi hapa kila baada ya muda na majibu yake huwa ya mkato.

Alfa haipimi kama kauli zako zinapima kitu kimoja, wala haipimi kama zinapima kitu ulichokikusudia. Inategemea mambo mawili tu: wastani wa uhusiano baina ya kauli, na idadi ya kauli. Chukua kauli sita zenye wastani wa uhusiano wa 0.3; alfa yake ni 0.72. Ongeza kauli nyingine za aina ileile hadi zifike 24, bila kuboresha uhusiano hata kidogo, na alfa itapanda hadi 0.91. Ubora wa kila kauli haukubadilika. Kilichobadilika ni urefu wa hojaji.

Sasa tazama mfano unaokera zaidi. Tuseme una vipengele vinne ambavyo havina uhusiano wowote baina yao, yaani anayejali sana mustakabali wake hana dalili yoyote ya kuwa mdadisi au kujiamini zaidi, lakini ndani ya kila kipengele kauli sita zinahusiana kwa 0.6. Kati ya jozi 276 za kauli 24, ni jozi 60 tu zenye uhusiano. Zilizobaki zote ni sifuri. Ukiikokotoa alfa ya jumla utapata takriban 0.78, namba ambayo watu wengi wangeiandika kwenye tasnifu kwa furaha na kudai kwamba hojaji yao inapima dhana moja. Hapo zipo dhana nne zisizojuana.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuripoti alfa ya kila kipengele peke yake, na ikiwezekana omega ya McDonald, kipimo kingine cha kazi hiyohiyo, pamoja nayo, kwa sababu omega hailazimishi kila kauli iwe na uzito sawa. Katika data ya kimataifa ya 2012, kujiamini kulikuwa na 0.85, kujali mustakabali 0.83, udadisi 0.79, na kujitawala 0.74. Kumbuka hiyo ya mwisho, kwa maana kipengele kilichokuwa dhaifu zaidi kwa waandishi wenyewe ndicho ninachokitilia shaka kwa wanafunzi wa kwetu, na shaka hiyo haitokani na hesabu.

MshauriLikoni

Nami nachangia kutoka upande wa darasani, kwa kuwa nimekuwa mwalimu wa ushauri nasaha upande huu wa Likoni kwa miaka mingi, na hojaji za kila aina zimepita mikononi mwangu. Takwimu nawaachia wenyewe.

Mwanangu MwanaTudor, kabla hujamwambia mtu alfa, kaa na mwanafunzi mmoja mmoja, mpe hojaji, na umwombe asome kila kauli kwa sauti na aeleze anachofikiri anapochagua namba. Niliwahi kufanya hivyo na hojaji inayokaribiana sana na yako. Ilipofika kauli ya kufanya uamuzi mwenyewe, binti mmoja aliiweka kalamu juu ya 2, akasita, kisha akaniuliza kama kumwomba ushauri mjomba wake, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, kabla ya kuchagua kozi kulimaanisha kwamba hakuamua mwenyewe. Nilimwambia ajibu anavyoelewa. Akafikiri, akaiacha 2 na kuzungushia 5, akaeleza kwamba ni yeye aliyeamua kwenda kwa mjomba. Mvulana aliyefuata alikuwa na habari ileile, ya baba mdogo na kozi ya umeme, naye akazungushia 2 bila kusita.

Watoto wawili, mwenendo mmoja, alama tatu baina yao. Sidhani kuna kikokotoo kitakachoniambia nani kati yao ana uwezo zaidi wa kujitawala.

Jambo la pili ni hili: wengi huniuliza kama wajibu kwa jinsi walivyo au kwa jinsi wanavyotaka kuwa. Wasipouliza, wengi hujibu la pili, hasa anayegawa karatasi akiwa ni mwalimu wao na jina la mwanafunzi likiwa juu ya ukurasa. Ndiyo maana utakuta darasa zima limejaza 4 na 5.

Mfasiri wa Mji wa Kale

Mwalimu wa Likoni amegusa penyewe. Nitaongeza yale yanayohusu tafsiri kama tafsiri, nikianza na kile ambacho kimesifiwa mno.

Kurejesha tafsiri kwa lugha ya asili ni mbinu iliyoenezwa na Richard Brislin kwa makala yake ya 1970, na ina faida yake: hunasa kauli iliyorukwa, kanusho lililopotea, wakati uliobadilika. Lakini ina udhaifu ambao kila mfasiri anaujua. Tafsiri mbovu ya neno kwa neno hurejeshwa vizuri kuliko tafsiri nzuri. Mrejeshaji mwenye ujuzi wa Kiingereza huona kivuli cha Kiingereza nyuma ya sentensi ya Kiswahili iliyopinda, akakirudisha kilekile, nanyi mkafurahi kwamba mmefanana na asili. Mwanafunzi wa Kisauni hana kivuli hicho cha kumsaidia. Yeye ana sentensi iliyopinda tu.

Chukua kauli ya kutetea mambo ninayoyaamini. Mkiandika kwamba mtu anasimamia imani yake, itarejeshwa bila doa. Lakini katika mji ambao adhana na kengele husikika mtaa mmoja, msomaji ataelewa dini, na hapo hamtapata kupima kujitawala katika kazi bali ucha Mungu, ambao kwa kweli ni wachache watakaojipa chini ya 5. Mkiandika kwamba mtu hushikilia msimamo wake hata wengine wasipokubaliana naye, mrejeshaji ataleta maneno tofauti na asili, nanyi mtadhani pamekosewa, ilhali ndiyo kauli iliyofanya kazi iliyokusudiwa.

Ndiyo maana miongozo ya Tume ya Kimataifa ya Upimaji, toleo la pili la 2017, haiishii kwenye kurejesha tafsiri. Inataka wafasiri wanaojua lugha zote mbili, wanaoishi au kuujua vyema utamaduni wa watakaojibu, wanaoifahamu dhana inayopimwa na wanaojua kanuni za kuandika hojaji. Mtu mmoja hawezi kuwa na vyote, kwa hiyo huundwa kamati. Kaeni mezani, mfasiri, mtaalamu wa upimaji, mshauri nasaha na ikiwezekana mwanafunzi mmoja au wawili, mkabishane kauli kwa kauli, na mtu aandike kwa nini mlichagua hili mkaacha lile. Kumbukumbu ile ni sehemu ya ushahidi wako wa uhakiki, na inafaa kuingia katika kiambatisho cha tasnifu.

Nina swali pia. Mlitafsirije kipimo cha majibu?

MwanaTudor

Shikamoo mwalimu wa Likoni, na ahsanteni nyote. Kuhusu swali la Mfasiri, tuliweka ngazi tano za kawaida, kutoka kutokubali kabisa hadi kukubali kabisa, kwa kuwa wanafunzi wamezizoea.

Mfasiri wa Mji wa Kale

Basi hapo kuna kazi. Kipimo cha asili hakiulizi makubaliano hata kidogo. Kinamwambia anayejibu kwamba watu hutumia nguvu tofauti kujenga maisha yao ya kazi, kwamba hakuna aliye hodari wa kila kitu, kisha kinamwomba akadirie ni kwa kiasi gani amekuza kila uwezo. Ngazi zake tano zote ni za nguvu: ya chini ni kutokuwa na nguvu, inayofuata ni nguvu kiasi, ya kati ni nguvu, kisha nguvu sana, na ya juu ni nguvu zaidi ya zote. Ngazi ya kati si ya mtu asiye na upande. Tayari ni sifa njema.

Mkiweka kukubali na kutokubali, ngazi ya 3 inageuka kuwa mahali pa kupumzikia kwa asiyetaka kusema lolote, na swali zima linabadilika kutoka kujikadiria uwezo hadi kutoa maoni kuhusu sentensi. Huenda ule utangulizi, unaompa mwanafunzi ruhusa ya kutokuwa hodari kwa kila jambo, ungepunguza hata lile tatizo la darasa zima kujaza 4 na 5. Utafsirini wote. Watu huuruka kana kwamba ni mapambo.

Mpimaji

Naunga mkono kwa mikono miwili, na hili linanirahisishia kueleza muundo.

Ukishapata tafsiri iliyopita kwa kamati na kwa wanafunzi wa kufikiri kwa sauti, ndipo ukusanye data ya kutosha kwa uchanganuzi thibitishi wa vipengele, yaani kupima kama majibu yanajipanga kama nadharia inavyosema. Nadharia inasema kauli 24 zinaunda vipengele vinne, na vipengele hivyo vinne vinabebwa na dhana moja kubwa juu yake. Usipime muundo huo peke yake ukafurahi kwamba umekubalika. Ushindanishe na mwingine. Jaribu muundo wa kipengele kimoja tu, jaribu wa vipengele vinne vyenye uhusiano bila kilele, kisha huu wa ngazi mbili. Ikiwa wa kipengele kimoja unakaribia kuwa sawa na wa vinne, basi wanafunzi wako wamejibu hojaji nzima kwa hisia moja ya jumla, ya kujiona mwema au mbaya, na kugawa alama kwa vipengele hakutakuwa na msingi.

Majibu ya ngazi tano ni ya mpangilio, si vipimo endelevu kama urefu au uzito, na kwako yatakuwa yamelalia upande mmoja. Kwa hiyo tumia makadirio yanayofaa data ya aina hiyo, yaani yale ya miraba midogo yenye uzito wa ulalo, badala ya makadirio ya kawaida yanayodai mtawanyo linganifu. Programu ya takwimu ya R ni ya bure na kifurushi chake cha lavaan kinafanya kazi hii vizuri. Huna haja ya kununua chochote. Kuna faharasa zinazoonyesha jinsi muundo unavyolingana na data, na utasoma kila mahali kwamba CFI ifikie 0.95, RMSEA isizidi 0.06 na SRMR isizidi 0.08. Mipaka hiyo inatoka kwa Hu na Bentler, 1999, nao waliifikia kwa majaribio ya makadirio ya aina nyingine. Itumie kama dira tu, kwa sababu kwa makadirio ninayokupendekezea faharasa huwa na tabia ya kuonekana nzuri kuliko zinavyostahili.

Usikimbilie kufuta kauli. Hapa nina msimamo mkali, na najua wengine hawakubaliani nami. Kauli ya uamuzi ikiwa na uzito mdogo, yaani uhusiano dhaifu na kipengele chake, kishawishi ni kuiondoa ili namba zipendeze. Lakini ukiondoa kauli mbili za kujitawala, kipengele chako si kilekile tena cha Savickas, na bado hujajua kwa nini zilishindwa. Maelezo ya mwalimu wa Likoni yanasema kwa nini: binti na mvulana walikuwa na maana mbili za kuamua. Andika upya kauli, ijaribu tena, na ikishindwa mara hiyo tena, ripoti kwamba dhana yenyewe ya kujitawala, kama ilivyojengwa, haikai vizuri mahali ambapo ukoo ni sehemu ya uamuzi halali wa mtu. Hayo ni matokeo ya kisayansi yenye thamani kuliko CFI iliyopambwa.

Ukihitaji toleo fupi, lipo lenye kauli 12, tatu kwa kila kipengele, la Maggiori, Rossier na Savickas. Hata hivyo usilichukue ili kukwepa tatizo, kwa sababu kauli zilizobaki nazo zinahitaji kuhakikiwa kwa Kiswahili kama zilivyo zile 24.

Asiyeshawishika

Samahani kwa kuingilia. Wanafunzi wa chuo wanafundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Mitihani yao ni ya Kiingereza. Kwa nini tusitumie hojaji ya asili na kuepuka matatizo yote haya?

MshauriLikoni

Ndugu Asiyeshawishika, kufaulu mtihani kwa lugha si sawa na kujitafakari kwayo. Mwanafunzi wangu anaweza kuandika insha ya Kiingereza juu ya mmomonyoko wa udongo, lakini anapokaa na mama yake barazani kujadili kama aende kusomea upishi wa hoteli au arudi Kwale kufuga, mazungumzo hayo si ya Kiingereza. Kisha katika vyuo vya ufundi wapo walioacha shule mapema, na hao Kiingereza cha hojaji, chenye nahau za Kimarekani, kinawapita kushoto.

Hata hivyo nakubali kwamba si kila mtu hapa ni Mswahili wa kuzaliwa. Wengine nyumbani ni Wagiriama, Waduruma, Wataita, Wakamba, Wajaluo. Kiswahili cha hojaji kisiwe cha Kimvita hata kikawapotezea hao, wala kisiwe cha kamusi hata kikampotezea kila mtu.

Mpimaji

Na swali la Asiyeshawishika linaweza kujibiwa kwa data badala ya kubishana. Wape wanafunzi wenye lugha zote mbili matoleo yote mawili kwa kupishana wiki mbili hivi, nusu waanze na Kiswahili na nusu waanze na Kiingereza, kwa kuwagawa kwa kura. Kauli ambazo watu walewale wanazijibu tofauti kwa namna ya kurudiarudia zitajitokeza zenyewe. Ila kikundi kingine kipewe Kiswahili mara zote mbili, la sivyo hutajua kama tofauti ni ya lugha au ni ya kupita kwa muda.

Sasa swali lako la pili, MwanaTudor, la kulinganisha na nchi 13. Jibu ni hapana, na ushahidi umo katika makala yaleyale ya 2012. Ili kulinganisha uhusiano wa dhana baina ya makundi, unahitaji uzito wa kila kauli uwe sawa kwa makundi hayo, hilo walilipata. Ili kulinganisha wastani, unahitaji zaidi ya hapo: mtu wa Mombasa na mtu wa Lisbon wenye uwezo sawa kabisa wawe wanachagua namba ileile kwa kila kauli. Hilo hawakulipata, na waliandika wazi. Yaani hata miongoni mwa nchi zilizoshiriki, wastani wa nchi moja hauwezi kusimamishwa kando ya wa nyingine na kutangazwa mshindi. Kwa Afrika, iliyoshiriki ilikuwa Afrika Kusini peke yake, kwa hiyo hata hoja kwamba sisi tumo ndani ya kawaida ile ya kimataifa ina miguu dhaifu.

Kinachokupasa kuchunguza ni usawa wa kipimo ndani ya sampuli yako: wavulana na wasichana, chuo cha ufundi na chuo kikuu, wanaozungumza Kiswahili nyumbani na wasiozungumza. Unaanza kwa kuangalia kama muundo ni uleule, kisha kama uzito ni sawa, kisha kama vizingiti vya majibu, yaani pale mtu anapovuka kutoka namba moja hadi inayofuata, ni sawa, na kwa kila hatua unatazama kama ulinganifu unaporomoka. Wengi hutumia kanuni ya Cheung na Rensvold, 2002, kwamba CFI isishuke kwa zaidi ya 0.01. Hapo ndipo ukubwa wa sampuli unapoamuliwa, kwa kuwa kila kundi linahitaji watu wa kutosha kivyake. Mia tatu kwa jumla si nyingi ukizigawa mara tatu.

MshauriLikoni

Nina jambo ambalo limenisumbua tangu uzi huu uanze. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wamo katika shule ya upili ya juu chini ya mtaala wa umilisi, na kila mmoja amewekwa katika mojawapo ya njia tatu: ya kwanza ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kwa pamoja; ya pili ni sayansi za jamii; ya tatu ni sanaa na sayansi ya michezo. Wazazi wananijia wakitaka kipimo kitakachosema mtoto aende wapi. Nikimpa mwalimu mkuu hojaji iliyohakikiwa kwa Kiswahili, jambo la kwanza atakalolifanya ni kuwapanga watoto kwa alama zake. Je, uhakiki wenu unamruhusu?

Mpimaji

Haumruhusu, mwalimu, na nashukuru umeuliza, kwa sababu ndilo jambo ambalo msimamizi wa MwanaTudor huenda alilimaanisha pale pembeni.

Hatuhakiki hojaji. Tunahakiki maana tunayoipa alama kwa matumizi fulani. Viwango vya upimaji vinavyotolewa kwa pamoja na vyama vitatu vya Marekani, vya elimu, saikolojia na upimaji, toleo la 2014, vinaliweka hivyo waziwazi: kila matumizi yanadai ushahidi wake. Kila tulichokijadili hapa, kamati, kufikiri kwa sauti, muundo, usawa wa makundi, kinaweza kuunga mkono dai kwamba alama zinaonyesha kwa kiasi fulani jinsi mwanafunzi wa chuo anavyojiona amejiandaa. Hakisemi lolote kuhusu mtoto wa miaka 15, na hakisemi lolote kuhusu nani atafaulu katika fizikia. Zaidi ya hayo, hojaji hii haikuundwa kupima kipaji wala mapendeleo. Inapima rasilimali za kumudu mabadiliko, ambazo mwanafunzi wa njia yoyote kati ya tatu anazihitaji. Kumpeleka mtoto kwenye sanaa kwa sababu alama yake ya udadisi ni ndogo ni kutumia kipimajoto kupima urefu.

Matumizi ninayoweza kuyatetea ni haya: mshauri anapokutana na kikundi cha wanafunzi, anaona kwamba kwa jumla wanajali mustakabali lakini hawachunguzi chaguo zilizopo, naye anapanga ziara na mazungumzo yanayolenga hapo. Alama inafungua mazungumzo, na hakuna mlango wowote unaofungwa kwa sababu yake.

Na hata hayo yanahitaji ushahidi wa nje ya hojaji. Tuna bahati kwamba wanafunzi wa ufundi na wa vyuo vikuu huenda atachimenti. Pima kabla hawajaenda. Kisha baada ya miezi mitatu waulize wao, na waulize wasimamizi wao wa kazini, kwa karatasi tofauti, jinsi walivyokabiliana na kazi wasiyoitarajia. Aliyepelekwa hotelini Nyali akitarajia mapokezi akajikuta stoo, alifanya nini? Ikiwa alama za awali hazina uhusiano wowote na hayo, hapo alfa haitakuokoa. Usitegemee hojaji nyingine ya kujijaza tu, kama ile ya kujithamini ya Rosenberg, kwa kuwa mtu anayejipa 5 hapa atajipa kubwa na pale, na uhusiano utakaoupata utakuwa kwa sehemu ni uhusiano wa mtu na tabia yake ya kujaza karatasi.

Mfasiri wa Mji wa Kale

Kwa haraka tu: ombeni idhini ya wenye hojaji kwa maandishi kabla ya kusambaza tafsiri, na muwe na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na kibali cha kamati ya maadili ya chuo. Kwa walio chini ya miaka 18 mtahitaji ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Majina yasiwe juu ya karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu watafiti pia, na kama alivyosema mwalimu, jina likiondoka majibu nayo huenda yakapumua.

MwanaTudor

Nimeelewa, na ninawashukuru. Nimezungumza na msimamizi wangu leo asubuhi kupitia yaliyoandikwa hapa. Amekubali turejee kwenye kipimo cha asili cha majibu pamoja na utangulizi wake mzima, tuunde kamati, na sura ya ulinganisho wa kimataifa iondoke kabisa. Kauli sita za kujitawala zitajaribiwa kwa namna mbili: kama zilivyotafsiriwa, na kwa maneno yanayotofautisha kushauriana na jamaa na kuamuliwa na jamaa. Kila mwanafunzi atapata moja ya matoleo hayo kwa kura.

Limebaki swali moja. Wanafunzi wangu wanatoka katika madarasa machache ya vyuo vichache, na najua walio darasa moja hufanana kuliko walio mbalimbali. Je, hilo linaharibu uchanganuzi?

Mpimaji

Haliharibu, ila linapunguza uzito wa sampuli yako. Wanafunzi arobaini wa darasa moja lenye mhadhiri mmoja hawaleti habari ya watu arobaini waliochaguliwa huku na huku. Iambie programu kwamba data imekusanyika kwa madarasa ili makosa sanifu yarekebishwe, lakini soma kwanza maelekezo ya lavaan, kwa kuwa si kila aina ya makadirio inakubali marekebisho hayo. Na ukiwa bado hujaanza kukusanya, ni afadhali uchukue wanafunzi kumi na watano kutoka madarasa ishirini kuliko sitini kutoka matano. Idadi ni ileile, lakini habari utakayoipata ni zaidi.

MshauriLikoni

Kwa madarasa mengi utahitaji wenyeji. Niandikie kwa ujumbe wa faragha. Nawafahamu washauri wenzangu upande wa Changamwe na Mtwapa ambao wanaweza kukukalisha na wanafunzi wa kufikiri kwa sauti, mradi uje baada ya saa tisa, vipindi vikiwa vimekwisha, na mhadhiri wa darasa asiwemo chumbani.